Mkwe wetu atakaa hapa kwa karatasi gani?

Siku ya posa, mzee mmoja ambaye alikuwa kimya tangu chai ilipoandaliwa aliinua kichwa na kuuliza swali ambalo halikuwa katika ratiba.

"Mwanangu, ya mahari tumesikia, na ya kwenu tumesikia. Lakini masomo yako yakiisha, utakaa hapa Kenya kwa karatasi gani?"

Kijana huyo, Mmalawi aliyekuwa akisomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, hakusita. "Baba, nikishamwoa binti yenu, mimi ni wa hapa."

Wageni walipiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Mzee, ambaye ni baba mkubwa wa msichana, alitikisa kichwa tu na kurudia kikombe chake.

Ndugu msomaji, jibu hilo lilikuwa tamu masikioni, lakini kisheria halikuwa la kweli. Wapo vijana wengi katika vyuo vyetu wanaoamini vivyo hivyo, kwamba cheti cha ndoa ndicho kibali cha kuishi nchini. Wawili hawa wamenikubalia nisimulie yaliyowapata mradi nisitaje majina yao. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi na wanaishi Kayole.

Walifunga ndoa ya serikali Agosti 2021, baada ya ilani yao kukaa siku 21 kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inavyotaka. Wakati huo mume alikuwa na pasi ya mwanafunzi, ambayo humruhusu mgeni kuishi nchini kwa kazi moja tu, nayo ni kusoma katika chuo kilichomwombea. Mwenye pasi hiyo haruhusiwi kuajiriwa, wala pasi haibadiliki kuwa kitu kingine kwa sababu mwenyewe amevaa pete. Masomo yakiisha, nayo imekwisha.

Ukaazi wa kudumu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, katika kifungu cha 37, inasema kwamba mgeni aliyeoana na raia wa Kenya anaweza kuomba ukaazi huo baada ya kukaa katika ndoa kwa muda usiopungua miaka mitatu. Si miaka mitatu tangu alipotua uwanja wa ndege, wala tangu mlipoanza kupendana kwenye kwaya. Ni tangu ndoa ilipofungwa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ndoa ilifungwa Agosti 2021. Mume alihitimu Desemba 2022, na pasi yake ilikuwa ikiisha katikati ya Februari 2023. Miaka mitatu ya ndoa ingetimia Agosti 2024. Kati ya pasi kuisha na mlango kufunguka palikuwa na pengo la miezi 18, na ndani ya pengo hilo ndimo familia nyingi za namna hii huangukia.

Mwalimu huyu na mumewe nusura waangukie humo. Mnamo Januari 2023 walikutana na kijana nadhifu mwenye mkoba begani, aliyejiita wakala na kudai kwamba anajuana na wakubwa. Aliwaahidi ukaazi wa kudumu kwa miezi mitatu. Walimpa Sh35,000, pesa ambazo mke alikuwa amezitoa kwenye chama chao cha walimu. Wiki mbili baadaye alirudi na karatasi za kutiwa sahihi.

"Mimi nasahihisha madaftari kila jioni," mwalimu aliniambia. "Tarehe mbaya hainipiti. Niliona ameandika kwamba tulioana 2018. Mwaka huo hata sikuwa nimemjua mume wangu."

Wakala alicheka na kusema hiyo ni mbinu tu ya kuitimiza ile miaka mitatu. Mke alikataa kutia sahihi. Mumewe, ambaye hofu ilikuwa imemwingia, alimsihi wakubali yaishe. Waligombana usiku kucha, ugomvi wa kwanza mkubwa tangu waoane. Asubuhi mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akamshika mumewe mkono wakaenda Nyayo House wenyewe. Pasi ilikuwa imebakisha siku tisa. Zile Sh35,000 hazijarudi hadi leo, na simu ya wakala haishikwi.

Nasema mke alifanya vyema. Kutoa habari za uongo kwa maafisa wa uhamiaji ni kosa la jinai, na yule anayetia sahihi ndiye hushtakiwa, si yule mwenye mkoba. Aidha, kukaa nchini bila kibali kunaweza kumletea mtu faini ya hadi Sh500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Walichoelezwa siku ile ni kwamba kulikuwa na njia ya halali wakati wote, nayo ni pasi ya mtegemezi. Raia wa Kenya anaweza kumwombea mumewe au mkewe pasi hiyo, akikubali kwamba ndiye atakayemkimu. Maombi hufanywa kwa mtandao, na stakabadhi zenyewe si za ajabu: pasipoti ya mgeni, pasi aliyo nayo, cheti cha ndoa, kitambulisho cha raia, picha, na barua ya raia akieleza anamwombea nani na kwa nini. Waliwasilisha kabla ya zile siku tisa kwisha.

Lakini neno mtegemezi lina uzito wake, hasa kwa mwanamume. Pasi hiyo nayo haimruhusu mtu kufanya kazi. Mhandisi mwenye shahada alikaa nyumbani miezi 18 huku mkewe akitoka alfajiri kwenda kufundisha. Alipika, akafua, na mtoto wao wa kwanza alipozaliwa yeye ndiye aliyempeleka kliniki. Majirani katika ploti walimpa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

"Nilijua bei ya sukuma wiki kuliko mama yeyote wa pale," aliniambia akicheka, ingawa macho yake hayakucheka.

Kampuni moja ya ujenzi ilimtaka. Hata hivyo, ili kumwajiri mgeni ilibidi imwombee kibali cha kazi na kueleza kwa nini nafasi hiyo haiwezi kujazwa na Mkenya, na nchi hii ina wahandisi vijana wengi wanaotafuta kazi. Kampuni ikanyamaza. Kisha rafiki yake akamwitia kibarua cha kulipwa jioni kwa jioni, bila karatasi. Safari hii mume ndiye aliyekataa. Alikuwa amehesabu miezi iliyobaki, na hakutaka kuichafua rekodi yake kwa mshahara wa wiki mbili.

Pengine wewe msomaji unasema serikali ni katili. Ngoja nikueleze tulikotoka. Shangazi ya mwalimu huyu aliolewa na Mzambia mwaka 1987. Chini ya katiba ya zamani, mwanamume Mkenya aliyeoa mgeni aliweza kumwombea mkewe uraia, na mke huyo alikuwa na haki ya kuandikishwa. Mwanamke Mkenya aliyeolewa na mgeni hakuweza kumpa mumewe haki hiyo. Isitoshe, watoto waliozaliwa nje ya nchi walifuata uraia wa baba. Watoto wa shangazi, waliozaliwa Lusaka, waliingia nchini mwa mama yao kama wageni, kila mara wakihesabiwa siku za kukaa kwa nyanya yao. Mwishowe shangazi alichoka akahamia huko moja kwa moja.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ndiyo iliyobadilisha mambo. Leo mume na mke wako sawa mbele ya sheria hii, na mtoto ni raia wa kuzaliwa iwapo baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Pumwani au ng'ambo. Kwa hivyo mtoto wa wanandoa wetu hakuhitaji kuombewa chochote ila cheti cha kuzaliwa.

Turudi kwa wale miongoni mwenu mnaoishi njoo-tuishi na mwanafunzi mgeni mkidhani miaka inahesabika. Haihesabiki. Ofisi hutaka cheti. Ndoa ya kimila inakubalika kikamilifu, lakini ni lazima isajiliwe, na sheria inawataka waliooana kimila wamwarifu msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika. Namjua jamaa aliyepeleka mbuzi wote kwa wakwe, picha za sherehe anazo, lakini hana cheti. Kwa afisa wa uhamiaji huyo bado ni kapera.

Wanafunzi kutoka nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu kidogo, kwani pasi yao ya mwanafunzi hutolewa bila malipo. Lakini wakioana na Mkenya, miaka mitatu ni ile ile. Ada za wengine hubadilika kwa tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali, basi usitegemee uliyoambiwa na rafiki aliyelipa mwaka juzi.

Agosti 2024 ilipofika, mwalimu na mumewe waliwasilisha ombi la ukaazi wa kudumu wiki ile ile. Safari hii hawakuhitaji wakala. Walikuwa na faili nene: cheti cha ndoa, pasi zote zilizofuatana bila siku moja ya pengo, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, kadi ya kliniki ya mtoto. Sheria huwakataa wanaooana kwa ajili ya karatasi tu, na maafisa wana mamlaka ya kuchunguza. Waliitwa wakaulizwa maswali. Mume aliulizwa mtoto analala saa ngapi na hula nini.

"Nilimjibu mpaka akaniambia inatosha," alisema. Ile miezi ya kufua na kupika ikawa ndiyo ushahidi wake.

Barua ya kukubaliwa ilitoka Machi 2025. Mwenye ukaazi wa kudumu huishi nchini na kufanya kazi bila kuomba kibali kila mara, na mwezi uliofuata mhandisi wetu alikuwa amevaa kofia ya chuma kwenye jengo moja Ruiru. Asidhani mtu kwamba huo ni uraia. Mkazi wa kudumu hapigi kura, na ardhi anaweza kuimiliki kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, kama katiba inavyosema kuhusu wote wasio raia. Uraia wenyewe unaweza kuombwa ndoa ikitimiza miaka saba.

Jumapili moja waliichukua barua ile wakaenda kumwonyesha baba mkubwa, yule aliyeuliza swali siku ya posa. Mzee alivaa miwani, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Hii ni karatasi," alisema. "Na kura je?"

"Bado, Baba. Hiyo ni mpaka Agosti 2028."

"Basi 2027 utabaki nyumbani na mtoto," mzee alimwambia, "sisi tukienda kupanga foleni."