Klachi ya Pikipiki Iliyokwisha

Pikipiki ya njia za mashamba ikinguruma sana mlimani na huku haiendi mbele, klachi inateleza. Lakini msikimbilie kununua sahani mpya. Tazameni kwanza waya: mkono wa klachi usipolegea kidogo kabla ya kuvuta, sahani hazibanani sawasawa. Kadhalika, baadhi ya mafuta ya motokaa yametiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki nyingi za namna hii imo ndani ya mafuta ya injini.

Ikiwa kweli zimekwisha, lowesheni sahani mpya za msuguano katika mafuta safi usiku kucha. Mimi nilipuuza jambo hili mara moja, nikaziunguza siku ile ile. Asubuhi mwageni mafuta, fungueni kifuniko, kisha legezeni bolti za springi kidogo kidogo kwa kupishana. Sahani ya chuma iliyogeuka buluu imepatwa na joto kali. Ilazeni juu ya kioo, na isipolala sawa itupwe. Zirudisheni kwa zamu, ya msuguano kisha ya chuma, na bolti zikazwe taratibu, maana hukatika upesi. Hatimaye wekeni gasketi mpya, mtie mafuta na kurekebisha waya kabla ya kuwasha.