Ulinzi wa Vyombo vya Uvuvi na Madai ya Nyavu Zilizokatwa

Wenzetu wa Kikatiti, na ninyi nyote mkaao kando ya barabara iendayo Moshi kutoka Arusha, huenda mkauliza: habari za nyavu za baharini zatuhusu nini sisi watu wa mlimani? Twajibu kwamba zawahusu. Maji ya Meru hushuka kwa mto Kikuletwa, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata mto Pangani hata baharini. Na kote huko kuna wavuvi. Tena jambo lenyewe mwalijua tayari kwa sura nyingine.

Ng'ombe wa jirani akiingia shambani usiku na kula mahindi, mwenye shamba huwaita wazee waje waone. Mabua yaliyovunjika huhesabiwa, na nyayo huongoza hata zizini. Ndipo fidia hukatwa kwa haki. Lakini bahari haishiki nyayo. Meli ikipita juu ya jarife usiku, maji hujifunga nyuma yake, na asubuhi mvuvi hukuta ncha za kamba zilizokatwa. Hasara yake aijua. Mdaiwa wake hamjui. Na pengine wavu ule ulinunuliwa kwa fedha za mkopo.

Tutazame Ghuba ya Ungwana, katika pwani ya Kenya, mahali mto Tana uingiapo baharini. Tangu miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu zilivua kamba huko. Kamba hupenda maji machache karibu na milango ya mito, na papo hapo ndipo wenye ngalawa na mashua hutega. Ugomvi haukukosa kuzuka: wavuvi wadogo walilalamika kwamba zana zao zaharibiwa. Mwaka 2006 uvuvi wa meli hizo ulisimamishwa. Mpango uliotolewa mwaka 2010 uliziagiza meli zisivue ndani ya maili 3 za baharini kutoka pwani, wala zisivue kamba tangu 1 Novemba hata 31 Machi.

Lakini mpaka uliochorwa juu ya karatasi haumzuii asiyeonekana. Kwa hiyo nchi nyingi huagiza meli kubwa za uvuvi zichukue kifaa kinachopeleka habari kwa njia ya setilaiti: meli ipo wapi, saa ngapi, yaelekea wapi na kwa mwendo gani. Mwendo una maana kubwa. Meli inayosafiri yaweza kwenda maili 10 kwa saa. Ikikokota wavu huenda maili 2 hata 4 tu. Hivyo ofisa aliye nchi kavu aweza kukisia kama ilikuwa ikipita au ikivua. Katika Tanzania, meli za bahari kuu husimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba, Unguja.

Hata hivyo, kifaa hicho ni shahidi wa nusu ya habari. Chaweza kusema meli ilikuwapo. Hakiwezi kusema wavu wako ulikuwapo. Nusu hiyo yakupasa wewe mwenye wavu kuithibitisha, na njia zake ni hizi.

Kwanza, tia alama. Boya na bendera vionekane, na jina au namba ya chombo iwe juu ya zana. Mwaka 2018 mataifa wanachama wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yalikubali mwongozo wa hiari juu ya jambo hili.

Pili, washa taa. Kwa kanuni za kimataifa za mwaka 1972, chombo kinachokokota wavu huonyesha usiku taa ya kijani juu ya nyeupe. Chombo kinachovua kwa njia nyingine huonyesha nyekundu juu ya nyeupe.

Tatu, andika saa na mahali. Usizishone ncha zilizokatwa kabla mashahidi hawajaziona. Peleka habari siku ile ile kwa kikundi cha ufukweni cha usimamizi wa uvuvi, kiitwacho BMU, na kwa ofisa wa uvuvi. Ndipo habari zako zitalinganishwa na zile za meli.

Wala tusidhani ulinzi huu ni wa kumtia mtu hatiani tu. Mkondo wa maji na miamba pia hukata nyavu. Nahodha aliyekuwa mbali usiku ule husafishwa na kumbukumbu zile zile, naye hatozwi fidia ya hasara asiyoifanya. Pande zote mbili zikiona ushahidi mmoja, mara nyingi hupatana pasipo kufika mahakamani. Na ni haki siku za kazi zilizopotea zihesabiwe pamoja na bei ya wavu.

Wenye mitumbwi katika bwawa la Nyumba ya Mungu hawana haja ya kungojea setilaiti. Alama juu ya wavu, taa chomboni, na jirani aliyeona: hayo yatosha kuanzia. Haki humfikia upesi yule aliyeitayarishia njia kabla ya hasara. Kwa herini.