Simu Inachajiwa na Huku Inakwisha

Likizo iliyopita nalisafiri na mjomba wangu kutoka Kampala kwenda Fort Portal, kwa njia ya Mubende. Nyanya alikuwa mgonjwa, na ndugu waliokuwa naye walikuwa watupigie simu kutuambia amelazwa hospitali gani. Motokaa ya mjomba ina kioo kikubwa katikati ya dashibodi, na chini yake pana kibao cha kuchajia simu bila waya. Mjomba aliilaza simu yake hapo, ramani ikatokea kwenye kioo, nyimbo zikaanza, naye akafurahi sana. Tulipofika Mubende simu ilikuwa ya moto kama chapati itokayo kikaangoni, na betri imebaki asilimia 12. Kabla ya Kyenjojo ikazimika. Mimi sikuwa na simu, maana shuleni haturuhusiwi. Basi tukafika mjini usiku, tukazunguka tukiuliza hospitali moja baada ya nyingine.

Mjomba aliilaumu motokaa. Mimi naona motokaa haikuwa na kosa, na sababu yake yafaa ielezwe.

Ndani ya kibao kile mna waya uliozungushwa mara nyingi, uitwao koili, na ndani ya simu mna koili nyingine. Umeme wa kibao hugeuka mwelekeo mara zaidi ya 100,000 kwa sekunde moja, ukafanya nguvu ya sumaku inayogeuka-geuka, na nguvu hiyo huamsha umeme katika koili ya simu. Ni jambo lile lile alilolionyesha Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, ambalo wanafunzi wa fizikia wanalijua. Lakini koili hizo sharti zikabiliane sawasawa. Motokaa ikiruka mashimo, simu huteleza kidogo, na umeme mwingi hupotea na kuwa joto. Ndiyo sababu mtindo mpya uitwao Qi2, uliotolewa mwaka 2023, una sumaku za kuishika simu mahali pake. Kibao cha mjomba ni cha zamani, hakina.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Ukitumia CarPlay au Android Auto, kioo cha motokaa ni kama ubao wa darasani tu. Mwalimu ni simu. Simu ndiyo itafutayo njia, ipokeayo habari za setilaiti, na ichezayo nyimbo. Tena pasipo waya, simu na motokaa hujuana kwanza kwa Bluetooth, kisha picha zote hupitia Wi-Fi bila kupumzika. Kazi hiyo yote hula betri, nayo huleta joto jingine. Ongeza jua la saa nane kupitia kioo cha mbele! Betri ya lithiamu huharibiwa na joto, kwa hiyo simu hujilinda: hupunguza kuchaji, au huacha kabisa, lakini kazi yaendelea. Hivyo simu ya mjomba ilikuwa ikitumia zaidi ya iliyopata.

Dawa ni waya. Hata hivyo si kila waya, wala si kila tundu. Matundu mengi ya USB ya motokaa za zamani hutoa ampea 0.5 kwa volti 5, yaani wati 2.5 tu, na kibao chaweza kutoa 5 hata 15. Afadhali kununua kichwa cha kuchajia kinachoingia katika tundu la kiberiti. Tena ziko waya za bei rahisi zenye nyuzi mbili za umeme tu. Hizo huchaji, lakini haziwezi kupitisha ramani hadi kwenye kioo, maana habari zahitaji nyuzi nyingine. Mtu apendaye kibao na aondoe jalada nene la simu, asiweke sarafu wala funguo chini yake, kwa kuwa chuma hupata moto, wala asifiche hapo kadi ya benki yenye utepe wa sumaku. Ramani na ipakuliwe nyumbani kabla ya safari, na kama hakuna haja ya nyimbo, zizimwe.

Tuliporudi nalimwonyesha mjomba jambo jingine. Motokaa hiyo aliinunua kwa mtu hapo Kampala, na katika kioo mlikuwa bado na majina ya simu ya mwenyewe wa kwanza, pamoja na nambari zote: daktari, mkwe, fundi, hata mdeni mmoja aliyeandikwa kwa jina la kejeli. Mjomba alicheka, kisha akanyamaza, akakumbuka motokaa yake ya zamani aliyoiuza mwaka jana bila kufuta kitu.