Wenzo wa Kung'olea Vigingi vya Chuma

Katika mashamba ya chai na miwa kazi ya kung'oa vigingi hupewa yeyote aliye karibu. Hema la mizani likihamishwa, au kivuli cha kitalu kikibomolewa, nyapara husema "ng'oeni", na watu wawili huinama kuvuta kwa mikono. Nondo ya milimita 16 iliyopigwa nyundo futi mbili katika udongo wa mfinyanzi haitoki hivyo. Kinachotoka mahali pake ni pingili za mgongo.

Fundi wa karakana anaweza kuunda wenzo kwa mabaki ya chuma. Atafute bomba la inchi moja na nusu, urefu sentimita 140, na bamba nene la milimita 8, sentimita 30 kwa 30. Katikati ya bamba asimamishe vyuma bapa viwili vya sentimita 45, na kila kimoja akitilie mkingamo. Ukingo mmoja wa bamba aukate mwanya wa kupita kigingi.

Bomba lisitobolewe, maana tundu hulidhoofisha pale pale penye nguvu. Chini yake, sentimita 10 kutoka ncha, achomelee kipande kifupi cha bomba jembamba, na bolti ya milimita 16 ipite humo na katika vyuma viwili vya kusimama. Kwenye ncha achomelee ndoano ya chuma laini cha duara. Asitumie nondo, kwani nondo nyingine hupasuka zikichomelewa. Mnyororo nao usichomelewe kabisa, moto huulegeza. Utundikwe tu.

Hesabu yake ni hii. Upande wa mkono una sentimita 130, upande wa mnyororo 10, yaani mara 13. Ukikandamiza kwa kilo 25, mnyororo unavuta kama kilo 325, ukiondoa kidogo kinacholiwa na msuguano. Lakini kila mkandamizo hupandisha kigingi sentimita 6 au 7 tu; kisha unashusha mnyororo na kuanza tena. Nguvu imenunuliwa kwa mwendo.

Kigingi chenye kichwa kilichopindwa hushikwa na mnyororo wenyewe. Kisicho na kichwa kinataka kipande cha chuma cha milimita 10 chenye tundu pana kidogo kuliko kigingi: ukikivuta kwa upande mmoja kinalala na kuuma. Udongo ukiwa mkavu, mwagia maji, na uzungushe kigingi kwa spana ya bomba kabla ya kuvuta.

Bomba lenye zinki likwanguliwe mpaka chuma kitupu kionekane, na kazi ifanyike penye upepo. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku, na wengi hudhani ni malaria. Wakati wa kuvuta simama kando, si juu ya mpini, na watu wawili wasiuninginie. Mnyororo ukikatika, anayeanguka ni wewe.

Wengine watauliza nani alipe bolti na vijiti vya kuchomelea. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Basi msichangishane. Mjumbe wa tawi apeleke mchoro na orodha ya vifaa kwa meneja, kwa maandishi, abaki na nakala.