Tufe la Nyuma ya Gari: Lini Lipakwe Grisi, Lini Liachwe Kavu

Fundi akiona chuma kinasuguana na chuma, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kopo la grisi. Ndivyo alivyofunzwa gereji, na ndivyo Waingereza wanaokokota karavani walivyofanya kwa miaka mingi: tufe la nyuma ya gari lilipakwa grisi nene, likafunikwa kofia ya plastiki, na mwenye suruali nyeupe akajua pa kupita. Siku hizi mazoea hayo hayo yanaweza kuinyang'anya karavani kinga yake dhidi ya kuyumba barabarani.

Kila mwaka Pasaka inapokaribia, karavani zilizolala majira yote ya baridi katika nyua za Uingereza huanza kutolewa. Wenyewe hukagua matairi, gesi, taa na mabomba ya maji. Tufe husahaulika kwa sababu ni dogo na halina mengi ya kutazama. Kipenyo chake ni milimita 50, kipimo kinachotumika Ulaya nzima, na nyuma yake hufuata nyumba yenye vitanda, jiko, friji na choo, ambayo uzito wake mara nyingi unazidi tani moja.

Namna ya kulitunza inategemea kikombe, yaani ile sehemu ya mbele ya karavani inayoshuka na kulifunika tufe.

Kikombe cha kawaida kina kazi moja tu: kulishika tufe lisichomoke, huku kikiliacha lizunguke kwa uhuru gari linapokata kona. Hapo grisi ni halali kabisa. Hupunguza kulika kwa chuma na huzuia kutu, na ndiyo maana bado inatumika kwenye trela za mizigo, za boti na karavani nyingi za zamani.

Lakini karavani nyingi za miaka hii hutoka kiwandani na kikombe chenye kidhibiti cha kuyumba. Viwanda viwili vya Ujerumani vinajulikana sana kwa vifaa hivi: AL-KO, chenye modeli ya AKS 3004, na Winterhoff, chenye WS 3000. Ndani ya kikombe mna pedi za msuguano. Kikombe kikishalifunga tufe, dereva hushusha mpini wa kidhibiti, na pedi hubanwa kwa nguvu ya springi. Katika AKS 3004 pedi ni nne: mbili ubavuni, moja mbele na moja nyuma. Upepo ukiisukuma karavani pembeni, au lori kubwa likipita na kuivuta, msuguano huo hula nguvu ya mtikisiko kabla haujakua. Pedi za mbele na nyuma husaidia pia pua ya karavani isipande na kushuka ovyo.

Kwa hiyo tufe hapa linafanya kazi ya diski ya breki, na hakuna fundi mwenye akili timamu anayeipaka diski ya breki grisi.

Madhara ya kulisahau hilo husikika kabla ya kuonekana. Gari likiingia polepole kwenye kambi na kukata kona kali, kikombe hupiga mlio mzito wa kukwaruza, kiasi cha kuwaamsha majirani waliolala. Mara nyingi chanzo ni uchafu kati ya pedi na tufe: grisi ya zamani, kutu, au rangi. Pedi iliyopata uchafu kidogo tu inaweza kusuguliwa kwa msasa laini ikarudi kazini. Iliyolowa mafuta haina dawa. Hung'olewa ikawekwa mpya.

Rangi huwashangaza wengi, kwa kuwa tufe jipya mara nyingi huuzwa likiwa limepakwa rangi nyeusi au dawa ya kuzuia kutu, na mnunuzi hudhani ndivyo linavyotakiwa kubaki. Pedi huibandua rangi hiyo, vumbi lake likajipachika kwenye uso wa pedi na kuufanya uteleze kama kioo. Ndiyo sababu tufe huandaliwa kabla ya safari ya kwanza. Kipande cha msasa huzungushwa kulizunguka tufe, juu, ubavuni na chini linapokutana na shingo, mpaka chuma cheupe kionekane kote. Tupa na mashine ya kusaga hazina nafasi hapa, kwani huharibu umbo la duara. Kisha kitambaa safi chenye spiriti au dawa ya kusafishia breki hupitishwa mpaka kitoke bila weusi. Mafuta ya kupuliza, yale ya kulegezea bolti zilizoganda, yaepukwe hata kama kopo linadai yanasafisha, kwa sababu huacha utando.

Chuma kilichoachwa uchi katika mvua ya Uingereza hakikosi kutu. Kofia ya plastiki husaidia, mradi ndani yake hamna grisi ya zamani. Kutu nyepesi huondolewa kwa msasa na kitambaa kabla ya kuunganisha, kazi isiyochosha.

Kipimo nacho kina lake. Tufe hulika zaidi mbele na nyuma, kwa sababu huko ndiko nguvu ya kuvuta na ya kufunga breki inakoangukia. Macho hayatoshi kuona hilo. Kalipa ndiyo yenye neno, na ipimwe pande kadhaa. Likifika milimita 49 mahali popote, tufe limekwisha maisha. Kosa la upande wa pili ni kununua tufe la Kimarekani la inchi 2. Hilo lina milimita 50.8, na ziada hiyo ya chini ya milimita moja inatosha kukizuia kikombe cha Ulaya kufunga sawasawa.

Urefu wa shingo usidharauliwe pia. Vikombe vyenye kidhibiti ni vinene kuliko vya kawaida, hivyo tufe la kufungwa kwa bolti lenye shingo fupi linaweza kugongana navyo kwenye kona. Kwa vikombe hivyo hutakiwa tufe lenye shingo iliyorefushwa.

Hata tufe lililong'arishwa vipi, haliwezi kufidia mzigo uliopangwa vibaya. Nchini Uingereza ushauri wa kawaida ni pua ya karavani ilemee tufe kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Karavani ya kilo 1,400 basi inahitaji kati ya kilo 70 na 98. Ikiwa mtengenezaji wa gari ameruhusu kilo 75 tu, hizo ndizo zinazotawala, na mzigo hupangwa upya: vizito chini karibu na ekseli, vyepesi juu, na mwisho wa nyuma usijazwe. Urefu wa tufe nao una mipaka. Gari likiwa limepakiwa, kitovu cha tufe kinapaswa kuwa milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini, karavani isije ikainamisha au kuinua pua.

Baada ya kuunganisha, madereva wazoefu huzungusha gurudumu dogo la mbele la karavani mpaka nyuma ya gari inyanyuke kidogo. Kikombe kikibaki kimelishika tufe, kimefunga. Kikichomoka, ni heri kichomoke hapo uani. Gurudumu hupandishwa, waya wa dharura wa breki hufungwa mahali pake, na safari huanza. Bolti za chuma cha kukokotea kilichofungwa karibuni hurudiwa kwa spana yenye kipimo baada ya takriban kilomita 1,000. Tufe nalo litazamwe siku hiyo hiyo: mahali pedi zinapogusa panatakiwa pawe pamesuguliwa na kung'aa, na kukiwa na utando mweusi unaonata, msasa na spiriti vinahitajika tena.