Ndege Wageni Wafunga Safari: Twende Ziwani Tukawaage

Mkulima wa skimu huijua miezi kwa kazi zake. Machi ni mwezi wa kumaliza kutayarisha shamba, kuchagua mbegu ya viazi na kutazama mbingu kungoja mvua kubwa. Lakini mwezi huo huo kuna kazi nyingine inayoendelea juu ya vichwa vyetu, nayo haina nyapara wala karani wa kuandika majina. Ndege kwa maelfu, waliokaa nchini tangu Oktoba, wanakusanyika katika maziwa na mabwawa. Wanakula mpaka wananenepa, kisha wanaondoka kwenda Ulaya na Asia. Huko baridi kali inakwisha, theluji inayeyuka na majani yanachipuka, nao wanakwenda kujenga viota na kulea watoto.

Yafaa mkulima awatazame wageni hawa kabla hawajaondoka. Asubuhi moja ziwani si asubuhi iliyopotea, na hapa tutaeleza kwa nini.

MAHALI PA KWENDA

Sisi wa Nyandarua tuna ziwa letu, Ol Bolossat, lililo kati ya Ol Kalou na Nyahururu, kiasi cha mita 2,340 juu ya usawa wa bahari. Ndilo ziwa la asili la pekee katika sehemu ya kati ya Kenya. Hupata maji yake kwa mvua na kwa chemchemi na vijito vya milimani. Maji yakitoka ziwani huwa mto Ewaso Narok, ambao huanguka kwa kishindo pale Nyahururu, kisha huenda Laikipia na kuungana na Ewaso Ng'iro. Kwa hiyo ng'ombe wengi wa mbali hunywa maji yaliyopita kwetu.

Walio karibu na Bonde la Ufa wanayo Naivasha, Elementaita na Nakuru. Mwaka 2011 Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na ndege ni sababu moja kubwa ya heshima hiyo.

NDEGE WA KUWATAFUTA

Wa kwanza ni korongo mweupe, mwenye mabawa meusi nchani, mdomo mwekundu na miguu mirefu myekundu. Huyu ni rafiki mkubwa wa mkulima, maana hula panzi na viwavi jeshi. Ukiona kundi lake likitembea polepole malishoni, usilifukuze. Zamani watu wa Ulaya hawakujua korongo huyu huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidhani hulala usingizi matopeni. Mwaka 1822 korongo mmoja aliuawa karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao safari yote hiyo! Hapo wataalamu walipata ushahidi kwamba ndege hawa huja Afrika. Korongo yule alikaushwa, na yuko katika Chuo Kikuu cha Rostock hata leo.

Wa pili ni kindege mdogo wa manjano anayetikisa mkia na kukimbia miguuni pa ng'ombe. Hufuata ng'ombe kwa sababu kwato huwaamsha wadudu majanini. Ikifika Machi, dume huwa amevaa manyoya mapya, manjano yenye kung'aa.

Wa tatu ni mbayuwayu wa Ulaya. Wakati wa kufunga safari utawaona wamejipanga juu ya waya kama watoto wa shule katika mstari. Kindege huyu hana uzito hata wa yai dogo la kuku, lakini huvuka jangwa la Sahara.

Tena wako wenyeji wasiokwenda Ulaya. Mkuu wao ni korongo mwenye taji ya dhahabu kichwani. Hujenga kiota chake ndani ya bwawa penye majani marefu, na mayai yake kwa kawaida ni mawili au matatu. Tangu mwaka 2012 ameandikwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kwisha duniani.

Na ndugu zetu wa Kinangop wasisahau kindege wao mwenye kifua cha manjano na kucha ndefu ya nyuma, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Haonekani katika nchi yoyote ila Kenya, naye huishi katika nyasi fupi zenye mafungu ya majani marefu. Nyasi zote zikilimwa, hana pa kuhamia.

JINSI YA KUTAZAMA

1. Fika mapema, jua likianza kutoka. Jua liwe mgongoni mwako.

2. Vaa nguo zisizong'aa na viatu vya mpira. Mbwa abaki nyumbani.

3. Simama mahali pamoja kwa utulivu. Anayetembea ovyo huona mikia tu.

4. Kama kuna darubini, ni vizuri. Kama hakuna, macho yatosha. Chukua daftari, andika tarehe, rangi, mdomo, miguu na kazi aliyokuwa akifanya ndege.

5. Kundi kubwa lihesabu kumi kumi.

6. Jihadhari na kiboko. Usiingie kati yake na maji, wala usipite katika njia zake alfajiri.

7. Usikaribie kiota, wala usichukue kinda.

FAIDA YAKE NI NINI?

Huenda mkulima akauliza, "Je, ndege watalipa karo ya watoto wangu?" Swali hilo ni la haki. Korongo mwenye taji mara nyingine hufukua mahindi yaliyopandwa, na hasara hiyo ni ya kweli. Lakini dawa si kuweka sumu. Sumu huua pia ndege wanaokula viwavi, tena anayekula nyama ya ndege aliyekufa kwa sumu hujitia hatarini yeye mwenyewe. Afadhali kuweka mlinzi shambani kwa siku zile chache mbegu inapochipua.

Ndege ni kama kipimo cha bwawa. Wakipungua mwaka hata mwaka, jua kwamba bwawa lenyewe linaugua. Mkulima akikata mifereji na kulima mpaka ukingoni, hupata magunia machache ya viazi kwa misimu michache; kisha udongo huingia ziwani, na wakati wa kiangazi ng'ombe wake hukosa maji. Basi acha ukanda wa majani kando ya maji, usioshe bomba la dawa mtoni, na katika shamba la malisho bakiza sehemu isiyolimwa.

Waalimu na wazazi, chagueni Jumamosi moja ya Machi muwapeleke watoto. Mtoto aandike hesabu yake katika daftari, na mwaka ujao aende tena mahali pale pale, akalinganishe. Hesabu hiyo itawaambia wazi kama mnalitunza ziwa lenu au mnalila.