Eli na Kijana Samweli



Leo twasema na wazazi na wazee wa kanisa juu ya vijana wetu. Malalamiko ni mengi: hawana adabu, hawasikii, macho yao yako kwenye simu usiku na mchana. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo humwona mwanawe mwenye shahada akiendesha bodaboda, naye humwita mvivu. Basi tufungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa tatu, tuone jinsi mzee mmoja alivyokaa na kijana.

Eli alikuwa kuhani huko Shilo, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia giza. Samweli aliitwa usiku, akamkimbilia mzee akidhani ni yeye aliyeita. Mara mbili Eli alimrudisha kulala. Mara ya tatu akatambua kwamba ni Mungu anayemwita kijana, akamfundisha namna ya kuitika. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mzee. Sauti hakuisikia yeye, lakini bila yeye kijana asingalijua ni ya nani.

Asubuhi ikaja kazi iliyo ngumu zaidi. Ujumbe ulikuwa juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Wanawe, Hofni na Finehasi, walikuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka, na baba yao hakuwazuia. Samweli aliogopa kusema. Eli akamwonya asimfiche hata neno moja. Naye alipolisikia, hakumkemea wala kumfukuza. Alikubali kwamba limetoka kwa Bwana.

Wasikilizaji, mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Ni watoto waliokua chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 37 champa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani. Tarehe 25 baadhi ya waandamanaji waliingia Bungeni, na sehemu ya jengo ikachomwa. Kesho yake Rais alikataa kutia sahihi mswada ule. Makumi ya watu walipoteza maisha katika majuma yale, na wengi wao walikuwa vijana.

Uharibifu hatuusifu. Lakini vijana hao hao waligeukia makanisa wakauliza: kwa nini mwanasiasa apewe mimbari kwa sababu ameleta fedha za harambee, na mbona hakuna anayeuliza zimetoka wapi? Wako wazee walioliita swali hilo utovu wa adabu. Sisi twauliza: je, haliko karibu sana na lile neno la Shilo juu ya sadaka?

Kuishi kwingi ni kuona mengi, nasi wazee tuna mengi ya kuwafundisha vijana. Lakini Mungu aweza kumpa kijana neno lituhusulo sisi. Basi juma hili, mzazi, mwite mwanao, umwulize yaliyo moyoni mwake, umsikilize mpaka amalize. Usimjibu upesi.

Na tuombe. Ee Bwana, uwape vijana wetu ujasiri wa Samweli, nasi utupe masikio ya kusikia, hata neno likiwa juu ya nyumba zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.